Mwajiri wangu ananiachia paka asiye na manyoya: nimpokee au nimkatae?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili na ninaishi Kitangiri, hapa Mwanza, katika nyumba iliyojengwa juu kwenye majabali. Ninaishi pamoja na mama yangu mzazi, ambaye ni mjane na ameshapita miaka 70. Kwa muda mrefu nimekuwa nikifanya kazi za nyumbani kwa mgeni mmoja wa kutoka Ulaya anayekaa Capri Point. Mkataba wake unaisha na anarudi kwao mwishoni mwa mwezi ujao. Ana paka jike mwenye umri wa miaka 3, naye amenisihi nimchukue, kwa kuwa mbali na yeye mwenyewe mimi ndiye mtu pekee ambaye paka huyo amemzoea.

Tatizo ni kwamba huyu si paka kama hawa tunaowaona wakizurura Mwaloni wakisubiri matumbo ya samaki. Hana manyoya kabisa, ngozi yake imekunjamana shingoni na kwenye paji la uso, masikio yake ni makubwa, na miguu yake ni mifupi kiasi kwamba tumbo linakaribia kugusa sakafu. Mwajiri wangu anasema aina hiyo huitwa Bambino. Sitaficha kwamba ninampenda, maana ni mpole na hulala mapajani mwangu kila ninapokaa kukunja nguo.

Nilimwonyesha mama picha yake kwenye simu, naye akasema hataki kiumbe yule avuke kizingiti chake, kwa sababu majirani watasema tunafuga jini. Shangazi, unajua kwamba huku kwetu maneno ya namna hiyo yakianza humwendea kwanza bibi kizee mwenye macho mekundu, na macho ya mama yangu yameharibiwa na moshi wa kuni tangu ujana wake.

Jambo la pili ni mwanangu wa kiume, ambaye ana pumu. Mwajiri wangu ananihakikishia kwamba paka asiye na manyoya hawezi kumdhuru. La tatu ni chakula, kwa kuwa kile cha makopo anachokula sasa sitakimudu kila mwezi, na nyumbani kwetu tunakula ugali, dagaa na sato. La mwisho, binamu yangu aliyeko Dar es Salaam ananishauri nisimfunge kizazi bali nimtafutie dume, kwa madai kwamba watoto wake watauzwa kwa fedha nyingi.

Nifanye nini?

Msomaji wako, Kitangiri.

---

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na mama yako, kwa sababu akishikilia hapana yake, hayo mengine hayatakuwa na haja ya kujibiwa.

Hofu ya mama yako isichukuliwe kuwa ushamba wa mtu mzima. Katika Kanda ya Ziwa wako akina mama wazee waliouawa kwa tuhuma za uchawi ambazo hazikuwa na msingi wowote zaidi ya macho mekundu, na macho hayo yalitokana na moshi wa jikoni, kama ulivyoeleza mwenyewe. Mwanamke aliyeishi akiyasikia hayo ana haki ya kupima ni kitu gani kinachoingia nyumbani kwake na kitasemwaje. Kwa hiyo paka huyu asije kwa kumshtukiza mama, na asije kwa matumaini kwamba akishafika mama atazoea. Kama una kaka mkubwa, au mtu wa ukoo ambaye mama humsikiliza, mwombe akae nanyi, kisha umpeleke mama Capri Point akamwone paka kwa macho yake mchana kweupe. Picha ya simu huonyesha makunyanzi tu. Haionyeshi joto la mwili wake wala namna anavyokoroma kwa raha akishikwa. Iwapo baada ya hapo mama bado anakataa, shauri langu ni kwamba umkatalie mwajiri wako, kwa kuwa paka anaweza kupata nyumba nyingine na mama yako hana nyingine.

Akikubali, jambo baya kuliko yote mtakaloweza kufanya ni kumficha. Nitakueleza hapa chini kwa nini paka huyu lazima aishi ndani, lakini kuishi ndani si sawa na kuwa wa siri, na mnyama wa ajabu anayechunguliwa dirishani usiku ndiye anayezaa uvumi. Kabla hajafika, mweleze mwenyekiti wa mtaa na majirani wa karibu kwamba unapokea paka wa kizungu aliyezaliwa bila manyoya kama wazazi wake. Mwombe daktari wa mifugo wa manispaa aje nyumbani kumkagua na kumpa chanjo inayodaiwa, na waache watoto wa jirani waje kutazama. Jambo ambalo watoto wameshalichoka halina utamu kwa wasengenyaji.

Sasa nieleze asili yake, maana hata majirani watakuuliza. Bambino ametokana na kuchanganya aina mbili za paka. Ya kwanza ni Sphynx, ambayo historia yake inaanzia Toronto, nchini Kanada, mwaka 1966, pale paka wa kawaida alipozaa mtoto asiye na manyoya kutokana na badiliko la kimaumbile lililojitokeza lenyewe. Ya pili ni Munchkin, iliyotokana na paka jike mwenye miguu mifupi aliyeokotwa Louisiana, nchini Marekani, mwaka 1983 akiwa na mimba. Hakuna ugonjwa wa ngozi hapo wala utapiamlo, na pia hakuna mkono wa mtu mbaya. Ni maumbile ya kurithi, ambayo wafugaji wa Marekani waliamua kuyaweka pamoja katika mnyama mmoja mwanzoni mwa karne hii.

Uamuzi huo mimi siupendi, na hapa ndipo ninapomjibu binamu yako. Maumbile ya miguu mifupi hurithiwa kwa namna ambayo mzazi mmoja tu anatosha kumpa mtoto, lakini mtoto akiyapokea kutoka kwa wazazi wote wawili, mimba yake huharibika akiwa bado kiinitete. Maana yake ni kwamba ukimpandisha paka wako kwa dume wa aina yake, takriban robo ya viinitete havitaishi. Ukimpandisha kwa dume wa mtaani, karibu nusu ya watoto watakuwa na miguu mifupi na wote watazaliwa na manyoya, kwa sababu ukosefu wa manyoya huhitaji kurithiwa kutoka pande zote mbili, na madume wa Kitangiri hawana urithi huo. Utabaki na vibeti wenye manyoya ambao hakuna mtu wa Dar es Salaam atakayewanunua kwa bei anayoiota binamu yako, nawe utakuwa umemhatarisha mama yao kwa mimba ambayo hakuihitaji. Uholanzi ni miongoni mwa nchi ambazo sheria zake zinazuia kuzalisha paka wenye maumbile yanayowaletea madhara, nami naona wametangulia vizuri. Paka wa mwajiri wako ameshazaliwa, na kumtunza ni wema. Kuzalisha wengine kama yeye ni jambo tofauti kabisa.

Hivyo sharti langu la kwanza kwa mwajiri wako ni kwamba, kama paka hajafungwa kizazi, afungwe kabla ya safari na kwa gharama yake yeye. Daktari atakayemfanyia upasuaji akumbushwe mambo mawili: mnyama asiye na manyoya hupoteza joto haraka akiwa chini ya dawa ya usingizi, kwa hiyo ahifadhiwe kwenye joto mpaka azinduke vizuri, na moyo wake usikilizwe kwanza. Hilo la moyo lina uzito. Ukoo wa Sphynx unajulikana kwa ugonjwa wa kurithi ambapo misuli ya moyo hunenepa na kukakamaa, na paka anaweza kuonekana mzima kwa miaka kabla dalili hazijajitokeza. Muulize mwajiri wako kama aliwahi kupimwa moyo kwa ultrasaundi na upate karatasi za majibu. Wewe mwenyewe jifunze kuhesabu pumzi zake akiwa amelala: kifua kikipanda na kushuka zaidi ya mara 30 kwa dakika, na hali hiyo ikiendelea, mpeleke kwa daktari. Akipumua kwa mdomo wazi, au miguu ya nyuma ikilegea ghafla na kuwa ya baridi huku akilia kwa maumivu, usisubiri kesho.

Kuhusu mwanao, mwajiri wako amekosea, ingawa naamini amekosea kwa nia njema, kwani watu wengi huamini hivyo. Kinacholeta mzio kwa watu wengi si unywele wenyewe. Ni protini inayotengenezwa katika mate ya paka na katika tezi za ngozi yake. Paka mwenye manyoya huyalamba na kuisambaza humo, na huyu asiye na manyoya huwa nayo juu ya ngozi, kisha huiacha kwenye mashuka, makochi na mapaja ya watu. Mwone kwanza daktari anayemtibu mtoto pumu. Akiridhia, mpeleke mtoto akakae na paka sebuleni kwa mwajiri wako mara kadhaa, dawa yake ya kuvuta ikiwa mfukoni mwako, na ufuatilie usiku wake baada ya kila ziara. Mafua ya ghafla, macho kuwasha, kikohozi cha alfajiri au kifua kupiga filimbi ni majibu ya kutosha, na hapo utakataa bila kujilaumu. Hata akivumilia vizuri, paka asilale chumba kimoja na mtoto huyo.

Tuje kwenye ngozi, ambayo ndiyo itakayokula muda wako. Ngozi ya paka hutoa mafuta, na kwa paka wa kawaida mafuta hayo husambaa kwenye manyoya. Kwa huyu hubaki juu, yakashika vumbi na kuacha madoa ya kahawia kila anapolala. Anahitaji kuogeshwa takriban mara moja kwa wiki kwa maji ya vuguvugu na shampuu laini isiyo na manukato makali, kisha akaushwe kabisa kwa taulo, hasa kwenye mikunjo ya shingo na makwapa. Usimwogeshe kila siku, kwa sababu ngozi ikikauka hutoa mafuta zaidi. Sabuni ya kufulia haimfai, na zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuza maji kuwa meupe ni sumu kwa paka, hivyo usimwogeshe nazo wala usimwache akanyage sakafu uliyoipiga deki nazo ikiwa bado mbichi. Masikio yake hujaza nta nyeusi haraka, nayo hufutwa kwa pamba yenye dawa maalumu ya masikio, bila kuingiza kijiti ndani. Mizizi ya kucha nayo hukusanya uchafu wa mafuta, kwa hiyo ikague siku hiyohiyo ya kuoga. Ninamjua mama wa Kisukuma: akiona ngozi tupu atatafuta mafuta ya kupaka. Mwombe asimpake, kwa kuwa paka atayalamba yote na mengine yatamzibia ngozi.

Jua la Mwanza lina ukali wake. Tuko karibu nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ngozi ya paka isiyo na kinga, hasa yenye rangi ya waridi, huungua kama ya mtu, na kuungua kwa miaka mingi huweza kuleta saratani. Asitoke nje kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na usimpake mafuta ya kukinga jua ya binadamu, kwa kuwa mengi yana viambato vinavyomdhuru akivilamba. Majabali yenu nayo hushika moto mchana kutwa, na tumbo lake liko karibu nayo kuliko la paka mwingine yeyote.

Huko nje, isitoshe, hatajiweza. Paka wa miguu mifupi hukimbia vizuri sakafuni, lakini hawezi kuruka ukuta akifukuzwa na mbwa wala kujihami juu ya mwamba, na anga la Mwanza limejaa mwewe. Ndani ya nyumba mwekee ngazi ndogo au kigoda mahali anapopenda kupanda, ili asiwe akijitupa chini kwa viwiko vyake kila mara, na sanduku lake la mchanga liwe na ukingo mfupi anaoweza kuuvuka. Kinyesi kitolewe kila siku. Ukiwa na mjamzito nyumbani, kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine.

Baridi ya kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, wewe utaihisi kidogo na yeye ataihisi sana, hasa upepo wa ziwani unapopiga usiku. Mpatie blanketi na fulana ya pamba isiyobana, inayofuliwa mara kwa mara. Ninachokihofia zaidi ni jiko la mkaa. Paka huyu hufuata joto popote lilipo, na hana manyoya ya kumpa nafasi ya kushtuka kabla hajaungua, kwa hiyo jikoni kuwe na mlango unaofungwa au jiko likae nje mahali asipofika. Jiko la mkaa kamwe lisiingizwe chumbani kwa ajili ya kumpasha joto, maana hewa yake ya sumu itawamaliza nyote.

Kwa upande wa chakula nina habari nzuri nusu. Samaki wa ziwani anamfaa, lakini hawezi kuishi kwa samaki peke yake, na ugali hauna la maana kwake. Paka lazima apate taurini, kirutubisho ambacho mwili wake haukitengenezi vya kutosha, kutoka kwenye nyama, na akiikosa kwa muda mrefu moyo hudhoofika na macho hupofuka. Mioyo ya kuku na ya ng'ombe, ambayo buchani huuzwa kwa bei nafuu, ina taurini nyingi. Dagaa wapikwe, kwa sababu baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto huua kimeng'enya hicho. Wasiwe wa chumvi, na wale waliokaushwa mchangani waoshwe sana. Sato mtoe miiba yote. Sangara ana mafuta mengi, hivyo apewe kwa kiasi. Kitunguu kisiingie kabisa katika chakula chake, hata kile kilichomo kwenye mchuzi. Ningependa angalau nusu ya mlo wake iwe chakula kikavu kilichotengenezwa kwa ajili ya paka, ambacho ni nafuu kuliko cha makopo, nawe mwombe mwajiri wako akuachie akiba ya miezi ya mwanzo. Ubadilishe mlo polepole kwa muda wa wiki moja hadi siku 10, ukiongeza kipya na kupunguza cha zamani. Paka wasio na manyoya hula zaidi ya wenzao kwa sababu mwili hutumia nguvu nyingi kujipasha joto, lakini huyu akinenepa, miguu yake mifupi ndiyo itakayoteseka, kwa hiyo uwe na mazoea ya kumpima uzito.

Dawa chache za nyumbani zinaweza kumuua. Usimpe parasetamoli hata kipande. Usimpake dawa za kupe na viroboto za mbwa, ambazo nyingi zina pamethrini, yaani sumu ya kuua wadudu, wala dawa ya kuogeshea ng'ombe, hata kama muuzaji wa duka la pembejeo anaapa kwamba ni ileile. Sema waziwazi kwamba unataka ya paka. Chanjo ya kichaa cha mbwa isikosekane ingawa anaishi ndani, kwa kuwa mlango husahaulika wazi.

Kabla hujatoa jibu, mwombe mwajiri wako kadi ya chanjo, majibu ya moyo kama yapo, jina la daktari aliyemtibu, na maelewano ya maandishi kwamba sasa paka ni wako, ili kesho asitokee mtu kudai umemwiba. Muulize pia bila aibu kama yuko tayari kuchangia matibabu akiwa kwao, kwa sababu paka wa nyumbani anayetunzwa vizuri anaweza kufika miaka 15, na mshahara uliokuwa ukiupata kwake unakoma siku anayopanda ndege. Bado una wiki kadhaa mkononi. Mpeleke mama Capri Point Jumamosi hii au ijayo, na jibu lake lolote litakalokuwa, mfikishie mwajiri wako siku hiyohiyo, ili kama ni hapana apate muda wa kumtafutia paka wake mtu mwingine.